Dakika Sita za Kumalizia Shuka

4 Februari

Mwanangu Kalamu,

Uko salama huko? Nauliza kwa sababu barua yako ya mwisho imetimiza miezi mitatu, na kwenye simu kila mara unaniambia "Shangazi, nitakupigia" kisha kimya. Basi narudi kwenye karatasi. Karatasi haina haraka, na haiwezi kunikatia.

Baba yako hajambo. Goti bado linamsumbua, ila mdomo haujapata ugonjwa wowote. Ameifungua redio ya jirani, ameshindwa kuifunga, na vipande vyote viko juu ya meza yangu, kwa hiyo tunakula tumepakata sahani. Nikimwambia aviondoe anajibu kwamba fundi haharakishwi. Mimi dada yake nimekuwa mgeni ndani ya nyumba yangu.

Sasa tega sikio, nimepanda cheo kwenye kiwanda chetu cha kufulia nguo. Tangu mwezi wa kumi na moja mimi ndiye msimamizi wa roli, ile pasi kubwa inayomeza shuka mbichi upande huu na kuzitema upande wa pili zimekauka na kunyooka. Aproni yangu ni ya bluu, wenzangu kumi wanavaa nyeupe. Miaka kumi na tisa nimekunja shuka za hoteli ambazo hata milango yake siijui, ndipo wakaniona.

Kilichonipandisha ni hiki. Kengele ya kutoka inalia saa kumi na moja jioni, lakini roli huwezi kuiacha na shuka ndani, zitaungua. Kengele ikilia tunaacha kuilisha, kisha tunakunja zile zinazoendelea kutoka mpaka ya mwisho. Zamani kazi hiyo ilituchukua dakika tisa, siku mbaya kumi. Nikatazama, nikaona muda unapotea kwenye kukutana. Watu wawili wakikunja shuka wanaendeana mara tatu nzima, kama wanaosalimiana msibani. Nikawafundisha kubadilishana ncha kwa mkono wa kushoto, mnakutana mara moja tu, imekwisha. Sasa ni dakika sita. Meneja alikuja kutazama akasahau alichokuwa anatafuta.

Kilichonifanya niandike ni mashine ya kidole. Ilifungwa ukutani mwaka jana, karibu na mlango. Unaweka kidole gumba ukiingia, unaweka tena ukitoka. Lakini haikulipi kwa dakika zilivyo, inazisogeza hadi robo saa iliyo karibu. Wenzangu wanasema tangu mwezi wa kumi na moja mshahara umepungua. Mama Pacha, mwenye watoto wawili wa mimba moja na ulimi wa kuwatosha wote watatu, anasema mashine imechezewa. Mimi najua haijachezewa, naitazama kila siku. Meneja anataka nitie sahihi kwa niaba ya watu wa roli kwamba tumeelezwa, tumeelewa, na tunakubali kuwa mtindo huo ni wa haki kwa pande zote mbili.

Karani wa mishahara katika ukoo huu ni wewe. Niambie ukweli, ni haki au tunapunjwa? Utakalosema ndilo nitakalowaambia.

Shangazi yako

*

20 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya, na nisamehe mapema kwa kingine kitakachofuata, maana unanijua. Mwambie Baba aache redio za watu. Nimemnunulia dawa ya kuchua goti, nitaituma na dereva wa bohari letu akija huko. Mimi nimehamia chumba kingine, kina dirisha kubwa linalotazama ukuta wa jirani. Nikitaka kujua kama kuna jua namtazama paka wake.

Hongera sana kwa aproni ya bluu. Nimesoma habari ya mkono wa kushoto mara tatu, kisha nikamsimulia mwenzangu wa meza ya pili. Tukachukua shuka lake la kitanda siku ya mapumziko tukajaribu. Tumegongana vichwa. Watu wanaosoma vyuo miaka mingi hawagundui kitu cha namna hiyo, na wewe umekigundua umesimama, mikono ikiungua.

Kuhusu mashine, ondoa wasiwasi. Mtindo huo ni wa kawaida, hata sisi tunautumia bohari zima. Dakika moja hadi saba baada ya robo zinadondoka, kuanzia ya nane zinahesabiwa kuwa robo saa nzima. Leo utapoteza dakika tano, kesho utaongezewa sita ambazo hukuzifanyia kazi. Ukijumlisha mwaka mzima, zinasawazika. Mashine haijui nani tajiri na nani anakunja shuka. Mwambie Mama Pacha alale usingizi. Tia sahihi.

Nakuombea afya,
Kalamu wako

*

11 Machi

Mwanangu,

Dawa ya goti imefika. Baba yako amejichua goti linalouma na lile lisilouma, anasema asilionee. Redio imefungwa, inaongea, ila kuna vipande vitatu vimebaki na hataki viulizwe.

Niliwakusanya wenzangu wakati wa chakula cha mchana, nikapanda juu ya kapu la nguo chafu, nikawasomea barua yako. Ile ya kwamba mashine haijui nani tajiri niliisoma mara mbili, ilinipendeza. Nikawaambia, huyu ni mtoto wa kaka yangu, nimemfunga vifungo vya sare mimi, na kazi yake ndiyo hii hii ya mishahara. Akisema ni haki, ni haki. Kisha nikatia sahihi mbele yao. Wote waliridhika isipokuwa mmoja, huhitaji jina lake. Alisema, "Basi tumshukuru mtoto wa kaka." Tangu siku hiyo ananisalimia kwa kidevu.

Siku ya pili meneja alikuja na saa ya mkononi akatupima. Kengele ililia, tukaacha kulisha, na shuka ya mwisho ilipoingia kwenye toroli zilikuwa dakika tano na nusu. Tukafika kwenye mashine ya kidole ikiwa dakika ya sita. Kila siku ni ya sita, mwanangu, unaweza kurekebisha saa yako kwa kututazama. Nimepewa cheti chenye muhuri na chupa ya chai ya kutunza joto, nyekundu. Meneja alisema hajawahi kuona kundi linalofanya kitu kilekile kwa dakika ileile siku zote. Nilishindwa kula kwa furaha.

Andika upesi. Najua hutaandika upesi.

Shangazi yako

*

30 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Naona aibu na tarehe iliyo hapo juu. Kazi zimekuwa nyingi, mkaguzi alikuwa hapa wiki mbili, na mimi nilipata mafua yaliyonipeleka kitandani siku nne. Sasa nimepona. Paka wa jirani amezaa, wanne, mmoja amehamia dirishani kwangu na ninajifanya simlishi. Mwenzangu wa meza ya pili amechumbiwa. Kodi ya chumba imepanda kidogo. Baba amenipigia kuniuliza kama kuna mtu huku ana redio mbovu.

Hongera kwa cheti. Kipo wapi, umekitundika?

Nina swali dogo tu la kutaka kujua. Asubuhi mnaweka kidole saa ngapi hasa? Namaanisha dakika. Na akichelewa mtu dakika tatu au nne inakuwaje?

Mjukuu wa mama yako,
Kalamu

*

15 Mei

Mwanangu,

Barua yako nimeipata na nimeisoma mpaka kwa paka. Ukurasa mzima umenieleza mafua na wanyama, kisha mwishoni unaniuliza swali dogo la kutaka kujua. Nimekulea likizo ngapi? Ulipovunja kioo cha kabati uliniuliza kwa upole kioo kinauzwa bei gani.

Nitakujibu hata hivyo. Tunaweka kidole saa moja kasoro dakika saba, kwa sababu saa moja ikigonga lazima uwe umesimama mbele ya roli umevaa aproni na kofia, nywele zote ndani. Mashine inaandika saa moja kamili. Akichelewa mtu hata dakika moja anapewa barua ya onyo, na za onyo zikifika tatu anakwenda nyumbani. Kwa hiyo hakuna anayechelewa. Mimi katika miaka kumi na tisa sijachelewa hata mara moja, hata wiki niliyomzika mume wangu.

Cheti kimetundikwa sebuleni. Sasa sema kinachokukaa kooni.

Shangazi yako

*

2 Juni

Shangazi yangu,

Shikamoo. Leo sina habari za paka.

Nimekosea. Nililijua kosa langu tangu Machi, siku nilipoisoma barua yako ya cheti, nikanyamaza miezi miwili na nusu kwa sababu niliogopa uso wako, hata kwa mbali hivi.

Nilikuambia dakika zinasawazika. Zinasawazika kwa watu ambao leo wanatoka mapema kidogo, kesho wanachelewa kidogo, bila mpango. Nyinyi hamko hivyo. Asubuhi mnatoa dakika saba kila siku, na hazirudi hata siku moja, kwa sababu kuchelewa kunakozirudisha ni kosa la onyo. Jioni zamani mlimaliza dakika ya tisa au ya kumi, na ikishafika ya nane mashine inaandika robo saa nzima. Mlipewa dakika tano au sita za bure, zikikaribia kufidia zile za asubuhi. Mlikuwa karibu sawa na kampuni. Hapo nilikuwa nimesema kweli.

Kisha ukaja mkono wako wa kushoto. Mkaanza kutoka dakika ya sita, na sita inadondoka yote. Mashine haikuchezewa. Mshahara ulipungua mwezi wa kumi na moja kwa sababu ndio mwezi mliojifunza kukunja upesi. Kila mmoja wenu anatoa dakika kumi na tatu kwa siku, saba asubuhi na sita jioni, na hapati kitu. Na yule aliyekupima kwa saa ya mkononi sijui kama alilijua hilo au hakulijua.

Sijawahi kuandika jambo gumu kama hili. Ufundi wako ni wa kweli, Shangazi. Mnafanya kazi vizuri kiasi kwamba hakuna siku ya bahati kwenu. Hesabu zangu zilitegemea watu wazembe kidogo.

Na kingine. Bohari hapa kila Ijumaa ni mimi ninayebonyeza kitufe cha kusogeza. Watu mia moja na arobaini. Sikuwahi kufungua kuona dakika zao halisi. Nilizifungua Machi.

Nichape tu kwa barua, lakini usininyamazie.

Kalamu

*

20 Julai

Mwanangu,

Nilikunyamazia wiki saba kwa makusudi, ili uonje. Yamekwisha.

Baba yako mzima. Siku barua yako ilipofika aliniona nimekaa nayo kitandani, akaniuliza nani amekufa. Nikamsomea. Akasema, "Kumbe ulikuwa unawakata mshahara na wanakupigia makofi." Ningemrushia redio kama isingekuwa ya jirani. Usiku sikulala. Sikulia kwa ajili ya pesa. Nililia kwa sababu nilipanda juu ya kapu nikawaambia watu ni haki, na mikono iliyowapunja ilikuwa yangu.

Siku tatu nilifanya kazi bila kusema. Siku ya nne, wakati wa chakula, nikapanda tena juu ya kapu lilelile. Nikawaeleza yote kama ulivyoandika. Nikasema, aliyewapunguzia ni mimi na ujuaji wangu, na karatasi ya haki niliitia sahihi mimi. Hakuna aliyetafuna kitu. Nilimtazama Mama Pacha, nikajua leo ndiyo leo. Alikunjua kitambaa chake cha mkate, akakikunja, akasema, "Sasa si rahisi? Turudi kukunja kizamani. Dakika tatu zaidi, tunachukua robo saa yetu."

Wote wakachangamka. Mwingine akasema hata tisa si lazima, tukimaliza tusimame kwenye mashine tukipiga soga mpaka ya nane.

Nikawaambia hapana. Mwanangu, sijui kama utaniona mpumbavu. Sikufundisha mikono hii miaka kumi na tisa ili niifundishe tena kuzembea. Na robo saa kwa dakika nane ni wizi pia, tofauti ni kwamba mfuko ni wetu. Nikasema, mimi sitaki kumi na tano zao. Nataka sita zangu, na saba za asubuhi. Zangu kabisa, zilivyo. Wengine waliguna. Mama Pacha akasema, "Wewe una kichwa kigumu kuliko hiyo roli." Kisha akasema atanifuata ofisini.

Tulikwenda wawili. Meneja alinikaribisha kiti, akatoa ile karatasi kwenye faili, akaniwekea sahihi yangu mbele yangu. Akasema kwa sauti nzuri kwamba mashine haina upendeleo na mimi mwenyewe nilikubali. Nikamwambia, nilikubali sijui, sasa najua, naomba kuifuta. Akasema sahihi haifutwi. Nikavua aproni ya bluu nikaikunja, kwa mkono wa kushoto, nikaiweka juu ya faili lake. Aproni ile niliitaka miaka kumi na tisa. Chupa ya chai sikuirudisha.

Kesho yake tulianza mtindo mwingine. Kengele ni saa kumi na moja, si ndiyo? Basi saa kumi na moja kasoro dakika sita tunaacha kulisha roli. Tunakunja upesi kama siku zote, hakuna anayezembea, na kengele inapolia shuka ya mwisho imekunjwa na sisi kumi na mmoja tuko kwenye mashine ya kidole, saa kumi na moja kamili. Kazi ya saa za kazi, ndani ya saa za kazi. Shuka ambazo zingeingia dakika hizo zinabaki kwenye kapu zimelowa mpaka asubuhi. Msimamizi mpya alitupigia kelele. Mama Pacha akamuuliza, "Dakika sita za baada ya kengele unalipa wewe?" Naye ni mtu mzuri, wamemtupia zigo tu.

Makapu yanaongezeka. Hoteli moja imeshapiga simu kuuliza shuka zake. Sijui itaishia wapi. Naweza kufukuzwa, na baba yako na goti lake wananitegemea. Nakuambia ili ujue, si ili utume chochote.

Hujaniambia umefanya nini na kile kitufe chako.

Shangazi yako

*

5 Agosti

Shangazi,

Shikamoo, na safari hii naisema nimesimama.

Nimeibeba barua yako kwenye mkoba wiki mbili. Nimemsomea mwenzangu wa meza ya pili, akaniomba amsomee mchumba wake. Nilipofika pale unapokataa kumi na tano nilikatiza kusoma, kwa sababu mimi ningezichukua. Ningezichukua na ningejiona mjanja. Nimesoma hesabu miaka minne, na mtu wa kwanza kunionyesha haki inavyopimwa ni Shangazi yangu aliyesimama juu ya kapu la nguo chafu. Najivunia wewe mpaka nashindwa kukaa.

Umeniuliza kitufe. Nilikuwa nimekibonyeza Ijumaa zote tangu Machi, hilo ndilo sikukuandikia. Baada ya barua yako sikukibonyeza. Nilichapa orodha mbili, moja ya dakika zilivyo na nyingine zilivyosogezwa, za mwezi mzima, watu wote mia moja na arobaini, nikaziweka mezani kwa bosi. Wapakiaji wanapoteza, walinzi wanapoteza. Anayepata ni mmoja tu, mtu wa ofisini, na nilipotazama jina nikaona ni mimi. Nachelewa kidogo kidogo, sina onyo.

Bosi alizisoma, akaniuliza nani amenituma. Nikasema, "Shangazi yangu." Alicheka, kisha alipoona sicheki akaziweka kwenye droo. Sijui itakuwaje. Ijumaa iliyopita alikibonyeza mwenyewe, na nilimwona amekaa mbele ya kompyuta muda mrefu kabla hajakibonyeza.

Wakikufukuza, chumba changu kina nafasi ya watu watatu na redio moja. Sisemi kwa kukuonea huruma.

Kalamu wako

*

9 Septemba

Mwanangu Kalamu,

Unaendeleaje, na bosi wako droo ameifungua? Usiache kumkumbusha. Mtu anayekaa muda mrefu mbele ya kitufe ameshaanza kuumwa na dhamira, msaidie aumwe zaidi. Baba yako anatembea bila fimbo, kwa hiyo hakamatiki. Amepata kazi ndogo ya kutengeneza pasi za watu na kwa mara ya kwanza havibaki vipande.

Huku wamekubali. Iliwachukua wiki tano na hoteli mbili kupiga kelele. Meneja alikuja kwenye roli mwenyewe, makapu yamemzunguka, akasema kuanzia mwezi huu kila mtu atalipwa dakika zake zilivyo, kuingia na kutoka, kiwanda kizima, si roli tu. Watu wa mashine za kufulia walishangilia. Sisi tuliendelea kukunja, ilikuwa bado dakika ishirini kabla ya kengele. Aliponipita akaniuliza kwa sauti ndogo, tutarudi kulisha mpaka kengele? Nikamwambia, kwa nini tusirudi, sasa unatulipa. Akaniambia kwamba angependa niwafundishe wafanyakazi wapya ule mkono wa kushoto. Nitawafundisha. Ufundi si wa kuficha.

Aproni ya bluu hawakunirudishia na sikuiomba. Usiseme ni bure, siku nyingine nikimwona mwenye nayo moyo unanichoma kidogo. Nakunja na Mama Pacha sasa, shuka moja, yeye ncha zake mimi zangu. Hatukuwahi kukaa tukapatana kwa maneno. Ananitukana siku nzima na tunakwenda upesi kuliko wote.

Kitu kimoja nataka ukijue, kisha nilale. Jumanne ya wiki jana nilichelewa. Mimi. Niliamka mapema kama kawaida, nikavaa, nikanywa chai, nikakaa kitandani kufunga viatu, na nikajikuta nimesinzia kiatu mkononi. Labda ni miezi hii yote iliyonidai usingizi wake siku moja. Nilikimbia njia nzima, mwanamke wa umri wangu, kofia mkononi. Barua ya onyo nimepewa, ya kwanza maishani, na baba yako ameisoma kwa sauti mara mbili kwa furaha.

Leo tumepewa karatasi za mshahara wa wiki jana. Mama Pacha akafungua yake, mimi nikafungua yangu, nikatafuta ile Jumanne kwa kidole mpaka nikaipata. Nilisimama katikati ya watu nikaangua kicheko hadi wakadhani nimechanganyikiwa. Nilikuwa nimechelewa dakika nne, mwanangu, na wamenikata nne.

Shangazi yako